Kabla Mtoto Hajakwama
Nilipoanza ukunga mwaka 1986, kisukari cha wajawazito tulikitafuta kwenye mkojo. Nilikuwa nadondoshea matone manane ya mkojo katika dawa ya Benedict, yenye rangi ya buluu, kisha natokosa. Ikibaki buluu, naandika kwenye kadi kwamba hakuna sukari, mama anakwenda zake. Ikigeuka njano au nyekundu ya tofali, ndipo tunashtuka. Baadaye vikaja vijiti vya kuchovya. Kazi ikawa nyepesi, lakini tulichopima kilikuwa kile kile.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa mimba ya tatu. Kila hudhurio mkojo wake ulikuwa safi. Usiku wa kujifungua kichwa kilitoka, mabega yakakwama. Tulimkunja mapaja hadi tumboni, mwenzangu akabonyeza juu ya kinena. Mtoto alitoka na kilo 4.8, mkono mmoja umelegea, na baada ya muda akaanza kutetemeka kwa kushukiwa na sukari. Mama yake aliniuliza, "Sista, si mlikuwa mnanipima?"

Nilikosa jibu. Siku hizi ninalo. Sukari inaweza kupanda kwenye damu bila kuonekana kwenye mkojo. Hiyo sukari hupita kwenye kondo la nyuma, ila insulini ya mama haipiti. Mtoto hutengeneza yake kwa wingi, nayo humnenepesha. Kitovu kikikatwa, sukari hukoma kuingia ilhali insulini yake ingalipo.

Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9. Ulionyesha kwamba hatari hupanda kidogo kidogo kadiri sukari inavyopanda, hata kwa mama asiyehesabiwa mgonjwa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likashusha kiwango: sukari ya kabla ya kula ikifika 5.1, huyo tayari ni wa kuangaliwa.

Sasa, kati ya wiki ya 24 na ya 28, mama huja hajala. Hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi, hupimwa tena baada ya saa moja na saa mbili. Wengi tunaowagundua hutulizwa na mpangilio wa chakula na kutembea tu.

Wapo wanaolalamika kukaa benchi muda wote huo ilhali hawaumwi. Huwa nakaa nao, nawasimulia ule usiku. Ninaowahurumia zaidi ni wale ambao zahanati yao bado ina kijiti cha mkojo peke yake.