Mpingo wa Jabalini

Sisi walimu tu wepesi wa kufuta jina daftarini na kusema, "Mtoto huyu amekwisha potea." Mwaka jana tulimfuta mmoja. Sasa twaona haya, na sababu yake ni mti.

Katika bahari ya Atlantiki kiko kisiwa cha Saint Helena, kilichozaliwa na moto wa volkano. Ndiko Waingereza walikomweka kwa muda Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja. Katika miteremko yake ya mawe uliota mti mfupi usiopukutisha majani, wenye maua meupe, uitwao mpingo wa kisiwa hicho. Wareno walipofika mwaka 1502 hapakuwa na mbuzi. Baadaye wakaletwa, wakazaana, wakala machipukizi. Na watu wakaukata kwa kuni za kuchomea chokaa. Hata kwa muda wa miaka zaidi ya 100 wenye elimu walidhani ya kuwa umekwisha duniani.

Basi, mwaka 1980 mwenyeji mmoja, George Benjamin, mwenye jicho la kutambua miti, aliona mashina mawili jabalini, mahali pasipopandika. Ndugu yake akashuka kwa kamba, akakata vitawi vichache. Vilipandwa, vikatia mizizi, na leo wazao wake ni maelfu.

Nasi tulipokwisha kusoma habari hii, tulikwenda nyumbani kwa mtoto yule. Tulimkuta akichunga mbuzi. Jumatatu alikuja shuleni.