Kamba ya Bosi

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, Bosi peke yake ndiye hakuniuliza sasa nitafanya nini. Mbwa hapandi matatu, kwa hivyo tulitembea: alfajiri kutoka Mamboleo hadi juu ya vilima vya Riat, ziwa likiwa chini yetu. Huko juu nilikuwa namfungua kamba. Nilijiambia ni porini, wacha akimbie.

Lakini Riat si pori. Ni njia ya watu kwenda shambani na mtoni, na mbuzi wa mtu wamefungwa hapo majanini. Asubuhi moja msichana wa kama miaka minane alitokea kwenye kona, mtungi kichwani. Alipomwona Bosi, akakimbia. Ukikimbia, mbwa anakukimbiza. Nilipofika, mtungi ulikuwa umepasuka na mguuni palikuwa na alama mbili za meno. Damu kidogo tu.

Mamake hakupiga kelele. Aliuliza, "Amechanjwa?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikakumbuka chanjo hurudiwa kila mwaka, na ya Bosi ilikuwa imepitwa na miezi mitano. "Ilikwisha, Mama," nikasema. Hata kumwambia baba nimeacha chuo hakukuwa kugumu hivyo.

Tuliosha kidonda kwa sabuni ya kipande na maji, dakika 15, nikihesabu kwa simu. Hospitalini akaanza sindano siku hiyo hiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Pesa za makala mbili zikaenda. Bosi alifungwa siku 10 aangaliwe. Kila asubuhi niliamka kuona kama bado anakunywa maji, kisha nikampigia mama yule. Siku ya 10 hakungoja salamu.

"Anakula?"

"Anakula."

"Nyasaye ni mwema."

Bado tunapanda Riat. Kamba haitoki mkononi, cheti cha chanjo kiko mfukoni, na mavi yake nayazoa, maana mvua huyashusha kwenye maji ya watu. Kit Mikayi, kule Seme, simpeleki: watu hufunga na kusali kwenye yale mawe, na anayeogopa mbwa hasali.

Wiki jana tulikutana na yule msichana. Alisimama mbali. Nikazungusha kamba mara mbili mkononi, nikatoka njiani kabisa, Bosi akakaa. Akapita polepole, bila kukimbia, na mtungi niliomnunulia kichwani.