Usiku Mmoja wa Wakrell

Katika filamu ya Forbidden Planet, iliyotolewa Marekani mwaka 1956, Mkrell haonekani hata mmoja. Twaiona tu milango yao mipana, na mtambo wao chini ya ardhi, ungali ukinguruma miaka 200,000 baada ya kutoweka kwao. Viumbe hao walisafiri kati ya nyota hadi wakafika duniani kwetu. Mwisho wakaunda mtambo wa kugeuza fikra kuwa kitu. Na ndoto nayo ni fikra. Chuki wasizojua kuwa wanazo zikapata mwili, zikawamaliza usiku mmoja.

Niliitazama nikiwa sijasemezana na kaka yangu miaka miwili, kwa sababu ya shamba la marehemu baba. Nilikuwa nikidai nimekwisha kumsamehe. Usiku ule niliogopa kulala. Alfajiri nikapanda basi kwenda kwake.