Fungate Yetu Ilichelewa, Alhamdulillah



Kila msimu wa ndoa, mabinti wanaokuja kupima nguo kwangu huniuliza swali moja: "Dada, nyinyi fungate mlienda wapi?" Nikijibu Unguja, macho yanawang'aa. Nikiongeza kwamba tulienda mwaka mmoja na miezi minane baada ya nikaha, wanadhani nawatania. Leo nieleze vizuri, maana kuna mambo natamani mtu angeniambia mapema.

Mimi ni fundi cherehani hapa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ushonaji Mbulu, kisha nikafungua kibanda changu. Mume wangu ni mfanyabiashara wa nafaka. Tulifunga ndoa Oktoba 2023, tukapanga twende Unguja Januari. Nilikuwa na laki tisa kwenye kikoba, pesa ya jasho langu, na sare za shule zingeongeza.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yakashuka kutoka mlimani. Mnaijua habari. Watu zaidi ya 80 walifariki Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiuun. Wifi yangu na watoto wake walitoka salama, lakini nyumba ilijaa tope hadi madirishani. Hakubaki na sufuria.

Mume wangu hakuniomba ile pesa. Mali ya mke ni ya mke, na yeye anajua. Lakini usiku ule alikuwa anageuka tu kitandani. Mimi pia sikulala. Nitasema ukweli: kwanza nilikasirika. Nilikuwa nimeshona mabaibui mawili ya safari na nimeshawatangazia mashoga zangu. Alfajiri, baada ya swala, nikamwambia, "Kesho naenda kuitoa." Alilia. Sijamwona akilia tena.

Pesa ina msimu wake

Mwaka 2024 ukapita tukijenga upya. Mtu mmoja akanishauri nichukue mkopo wa kwenye simu, "nendeni mkalipe mkirudi." Niliufikiria, sitadanganya. Lakini fungate ya riba ingekuwa na baraka gani? Na deni la starehe linauma kuliko deni la chakula, kwa sababu unalipa kitu ambacho kimeshaisha.

Basi nikachukua daftari la wateja, nikaangalia pesa yangu inaingia lini. Januari ni sare. Kabla ya Idi el-Fitri ni nguo za sikukuu. Kabla ya Idi el-Haji tena. Mume wangu anabanwa kuanzia mavuno ya mahindi. Halafu nikaangalia Unguja. Machi hadi Mei ni masika, vyumba ni nafuu lakini mvua inaweza kukufungia ndani. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto kali na wageni wengi. Julai na Agosti hali ni nzuri, lakini bei hupanda. Ramadhani sikutaka kuiweka katika hesabu ya matembezi kabisa.

Ukiweka kalenda hizo mbili pamoja, kwetu ilibaki katikati ya Juni 2025: baada ya Idi, masika yameisha, mavuno hayajachanganya, na wageni wa Julai hawajafika. Kwako inaweza kuwa Oktoba. Usichukue mwezi wa mwenzio.

Bajeti ilikuwa milioni moja na laki mbili kwa watu wawili: usafiri 420,000, malazi 360,000, chakula 200,000, akiba ya dharura 150,000, zawadi na sadaka 70,000. Tulipanda basi hadi Dodoma, treni ya mwendokasi hadi Dar es Salaam, tukalala, kisha boti ya asubuhi. Kitambulisho cha taifa usikiache nyumbani. Ukiwa Mtanzania unalipa nauli ya mwenyeji. Chumba nacho uliza bei ya mwenyeji kabla hujakubali. Na bebeni nakala ya cheti cha ndoa. Nyumba tuliyofikia waliiulizia, nami nikafurahi kuulizwa.

Nguo, kwa macho ya fundi

Hapa nilikosea, na mimi ndiye fundi! Juni kwetu ni kipupwe. Asubuhi Katesh unavaa sweta, na Mbulu ndiyo usiseme. Nikashona kwa mwili wa baridi: mabaibui ya poliesta nzito yenye bitana. Kufika bandarini Unguja, jasho likanishika mgongoni kama gundi. Na huo ndio msimu wenye nafuu.

Shona pamba nyepesi, mikono mipana, rangi isiyoonyesha mwili juani. Mtandio wa pamba, siyo satini, kwa sababu Juni upepo wa kusi unavuma na satini haikai kichwani bila pini kumi. Boti nayo huyumba kwa kusi, hivyo usile sana kabla ya kupanda.

Baharini ndiyo nilijifunza kwa hofu. Niliingia na dera. Maji yalipofika kiunoni, lilivimba, kisha likanizunguka miguu nikashindwa kupiga hatua. Mume wangu alinishika mkono. Stara ya baharini ni nguo iliyoshonwa kwa kazi hiyo: suruali na kanzu fupi ya kitambaa kisichonywa maji, vishikizo vya kuzuia isipande. Sasa ninazishona, na wateja wa kwanza wamekuwa mabibi harusi wangu.

Ugenini kwa ndugu

Siku mbili tulikaa mjini, siku mbili Jambiani. Sisi Waislamu wa Katesh ni wachache. Nimezoea kuwa mwenye ushungi peke yangu ndani ya basi. Siku ya kwanza Mji Mkongwe adhana ya magharibi ilianza msikiti mmoja, ukadakia mwingine, na mwingine. Nilisimama uchochoroni nikijifuta macho. Hakuna aliyenitazama mara mbili.

Lakini msijisahau kwamba mmefika kwa watu. Nilidhani kwa kuwa mimi ni Mwislamu basi nimeshajua kila kitu. Jambiani bahari ilikuwa imekupwa, maji yako mbali kabisa, na akina mama walikuwa wameinama kwenye mwani. Nikatoa simu nikaanza kupiga picha. Bi mkubwa mmoja akanyanyuka, akanisalimu taratibu, akauliza hali yangu, hali ya mume, hali ya nyumbani. Baada ya yote hayo ndipo akasema, "Mwanangu, hapa tuko kazini."

Aibu niliyoipata! Nikawaza kama angekuja mgeni kibandani kwangu akanipiga picha nimeinama kwenye cherehani bila hata salamu. Niliomba radhi, nikafuta zile picha, tukakaa kuongea. Akanieleza maji yanajaa saa ngapi, na kwamba siku za bamvua hupwa mbali zaidi. Ukienda pwani ya mashariki uliza hilo kwanza, usije ukalipia bahari ukakuta mchanga. Tulinunua sabuni ya mwani, nikajua zawadi yangu imeenda mkononi mwa nani.

Njiani swala za rakaa nne tulizipunguza kuwa mbili. Muulizeni ustadhi wenu hukumu ya siku mtakazokaa, kabla ya kuondoka.

Kilichonizuia karibu nisiende

Bado sijasema lililokuwa zito zaidi. Wiki moja kabla ya safari nilitaka kuahirisha. Niliogopa midomo: "Watu wamezika ndugu, hawa wanaenda kuogelea." Nilimwambia wifi yangu. Alikaa kimya, akaingia chumbani, akarudi na noti tano za elfu kumi zilizokunjwa. "Hii ni nauli yako ya boti," akasema. "Wewe ulininunulia sufuria. Nenda ukapumzike na kaka yangu."

Ile pesa sikuitumia kwenye boti. Ilikaa kwenye pochi siku zote, tukairudisha na sabuni na viungo vya karafuu na mdalasini. Amekataa kuipokea mpaka leo.

Kwa hiyo dada yangu, kama fungate yako haijawezekana mwezi wa ndoa, ndoa haijapungukiwa kitu. Mimi nilimjua mume wangu usiku ule aliposhindwa kuniomba, si ufukweni. Ufukweni tulikwenda kupumzika tu.

Allah awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.