Kazi Ina Saa ya Kufungwa

Ukihamia Ujerumani, kontena la chupa litakufundisha Jumapili kabla hujafundishwa na mtu. Kando ya barabara yapo makontena ya kutupia chupa tupu, na kwa kawaida yana kibao cha saa: siku za kazi tu, asubuhi hadi jioni. Jumapili hutupi. Chupa moja ikipasukia ndani ya kile chuma mtaa mzima unasikia, na jirani, mara nyingi mzee mstaafu, atafungua dirisha akuulize kama unajua leo ni siku gani. Hatukani. Anauliza kwa utulivu wa mtu mwenye sheria mfukoni.

Na kweli anayo. Katiba yao ya 1949 imebeba kifungu kilichorithiwa kutoka katiba ya 1919, kwamba Jumapili na sikukuu zinalindwa kisheria kuwa siku za kupumzika. Mwaka 1956 ikaja sheria ya saa za maduka, na kwa miaka mingi siku za kazi maduka yalifungwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwaka 1996 wenye maduka wakaruhusiwa kufika saa mbili usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Tangu 2006 kila jimbo linajipangia lenyewe, na mengi yamelegeza saa za katikati ya wiki, lakini Jumapili haijaguswa sana. Berlin ilipotaka maduka yafunguliwe Jumapili zote nne za kabla ya Krismasi, makanisa yalikwenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2009 mahakama ikakataa. Kwa hiyo sukari ikikuishia Jumamosi usiku, ama unakunywa chai hivyo hivyo, ama unakwenda kituo cha mafuta ukainunue kwa bei ya kuudhi.

Kwa sisi tuliokulia mitaa ambamo Mangi, kama tunavyomwita mwenye duka la mtaani, anafungua duka kabla ya adhana ya alfajiri na kulifunga watoto wakiwa usingizini zamani, haya yalionekana ni mambo ya watu walioshiba. Nilikuwa na mawazo hayo mpaka nilipoanza kuyatazama kutoka upande wa kazi, si upande wa mteja.

Mimi ni seremala. Kazi nilijifunzia Keko, Dar es Salaam, chini ya mjomba wangu, na sasa niko kwenye karakana ndogo pembezoni mwa Hamburg. Huku, robo saa kabla ya kufunga, mashine zinazimwa. Hata kama umebakiza droo moja kabati likamilike, unazima. Patasi zinarudi mahali pake, gundi inafunikwa, maranda yanafagiwa na kutiwa kwenye magunia. Kisha bosi wetu anachukua penseli ya bapa na kuandika juu ya kipande cha ubao neno mojamoja: bawaba, msasa, kupima mlango wa chumba cha pili. Ndiyo kazi ya kuanzia kesho. Ubao unawekwa juu ya benchi, tunatakiana Feierabend njema, yaani mapumziko mema ya baada ya kazi, taa zinazimwa. Asubuhi hakuna anayesimama akikuna kichwa. Mkono unajua unaanzia wapi. Ijumaa tunafunga mchana.

Mwanzoni ile droo ilikuwa inaniuma. Keko usingeiacha. Keko ungepiga kazi mpaka saa tatu usiku, taa ya balbu moja ikining'inia juu ya kitanda cha mninga, kwa sababu umeme ulikatika mchana na mteja amesema anakuja na kirikuu asubuhi. Na hutakuwa peke yako: karakana ya jirani nayo inawaka, na ya pili yake, na kijana wa kupiga vanishi amekaa kwenye ndoo akisubiri umalize kupiga msasa.

Mtu asije akaniambia mafundi wa kwetu hawana nidhamu. Wanafanya kazi saa nyingi kuliko Mjerumani yeyote ninayemjua. Tatizo ni kwamba saa hizo hazina ukingo, na hapo ndipo ilipo siri ya ile "njoo kesho" inayowachosha wateja wetu. Fikiri fundi anavyopanga. Mteja wa kwanza ametoa advansi ya kochi, mteja wa pili anataka kabati, wa tatu ana harusi na anataka kitanda Ijumaa. Fundi anawakubalia wote, si kwa uongo, bali kwa sababu kichwani mwake usiku nao ni muda wa kazi, na Jumapili pia, na usiku wa Jumapili. Mtu ambaye siku yake haiishi hawezi kujua imejaa lini. Advansi ya mteja wa tatu inanunua mbao za wa kwanza, na Ijumaa ikifika simu ya fundi haipatikani.

Bosi wetu wa Hamburg anamwambia mteja wiki sita, na mteja ananuna. Lakini wiki sita zile ni hesabu: mikono minne, saa nane kwa siku, toa mchana wa Ijumaa, toa sikukuu, toa likizo ya mmoja wetu. Kabati linatoka wiki ya sita. Uaminifu wake siuoni kuwa mkubwa kuliko wa mjomba. Tofauti ni kwamba anajua siku yake ina lita ngapi, kama muuza maziwa anavyolijua dumu lake.

Utasema ni sheria. Sheria yao ya saa za kazi ya 1994 inataka saa nane kwa siku, zikizidi sana kumi, na saa kumi na moja za kupumzika kati ya siku moja na nyingine. Likizo ya chini kabisa, kwa sheria ya 1963, ni wiki nne. Basi chukua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004: saa 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 12 kila siku, saa 24 kila wiki, likizo ya siku 28 mfululizo. Kwenye karatasi sisi si maskini hata kidogo, na kwa hizo saa za kulala tumewazidi. Ila sheria ile inamlinda aliyeajiriwa. Fundi wa Keko hana mwajiri wa kumshtaki. Mwajiri ni yeye, na deiwaka anayemsaidia analipwa jioni na kesho huenda yuko kwingine.

Tena kupumzika kwetu kupo, ila kumekatwa vipandevipande. Saa nne chai na chapati kwa mama ntilie, alasiri kahawa na kashata, drafti ya vizibo vya soda, ubishi wa Simba na Yanga uliokwisha jana na umeanza upya leo. Mjerumani akipita atasema watu wamekaa tu. Anakosea, pale ndipo kazi nyingine zinapopatikana na deni linapoombewa muda. Lakini jicho liko barabarani muda wote, kumtazama mteja. Akitokea, kete inaachwa hewani.

Na fundi haachi kufungua kwa sababu moja ninayoiona ya msingi: akifunga yeye, wa jirani yuko wazi. Siri ya Jumapili ya Ujerumani iko hapo, maana hakuna anayeogopa kunyang'anywa mteja wakati wote wamefunga. Kumshauri mtu mmoja ajipangie mapumziko, kama wanavyopenda wahubiri wa mafanikio kwenye mitandao, ni kumshauri apoteze wateja peke yake.

Kwetu tunajua hili vizuri, tumelisahau tu tunapozungumzia kazi. Ijumaa adhuhuri pale Unguja, milango ya maduka mengi inarudishwa, na mteja anayefika saa hiyo hakasiriki, anasubiri au anakwenda kusali. Ukitokea msiba mtaani, fundi anaacha msumeno ndani ya ubao anakwenda kuzika, na mwenye kabati lake anamkuta hukohuko makaburini. Hakuna anayeuliza kwa nini kazi imelala.

Simu ndiyo inayovunja hata hayo makubaliano machache. Mdogo wangu anafanya kazi ofisini Dar. Ujumbe wa kikundi cha kazi unaingia saa nne usiku, na asiyeujibu anaonekana mvivu. Volkswagen walikubaliana na wawakilishi wa wafanyakazi mwaka 2011 kwamba barua pepe zisiingie kwenye simu za kazini kuanzia nusu saa baada ya zamu. Ufaransa wakaitungia sheria, ikaanza kutumika 2017. Hapo napo, aliyezima si mtu mmoja.

Nisiwapambe sana wenyeji wangu. Jumapili yao ina upweke ambao kwetu ungeitiwa kikao cha ukoo. Kuna wazee kwenye jengo letu ambao hawagongewi mlango mpaka Jumatatu. Na Jumapili hiyo haijibebi yenyewe. Mikate ya asubuhi, treni, wodi, nyumba za kutunzia wazee, vyote vina watu zamu, na wengi ni wageni kama sisi. Nyongeza ya mshahara wa Jumapili haikatwi kodi hadi nusu ya mshahara wa saa, na jamaa wengi ninaowajua huziomba zamu hizo, maana ada ya shule kule nyumbani haijui siku ya mapumziko. Asiye zamu naye, nyumbani wanajua yuko huru, kwa hiyo simu zote zinakuja siku hiyo.

Mjomba sasa amezeeka na karakana iko mikononi mwa binamu yangu. Tumebishana sana kwa simu kuhusu haya, yeye akisema huko kwenu kuna pesa za kulala. Halafu mwenyewe akawaendea majirani wa uchochoro wao, wakakubaliana kufunga Jumapili zote na kutopokea advansi mpya mpaka ya zamani itoke. Wiki chache mambo yalikwenda, kisha mmoja akapata oda ya viti vya hoteli, akafungua kimyakimya nyuma ya turubai, mlio wa randa ukamsaliti. Sasa wanajadili faini. Wengi wanataka elfu tano. Binamu anataka elfu hamsini, kwa hoja kwamba elfu tano mtu ataiingiza kwenye bei ya kiti na kuendelea, na mimi niko upande wake.