Kadi Moja Ilipopanda Gharama

Mwaka 2014 kijana wetu wa miaka 12 alipenda Hearthstone, mchezo wa kadi wa kwenye kompyuta. Fungu lake la kadi 30 lilitegemea kadi moja, Leeroy Jenkins, yenye pigo la 6 na gharama ya 4. Kwa kadi mbili za Shadowstep aliirudisha mkononi na kuitoa tena, kila mara kwa 2. Jumla ya gharama 8, na mpinzani mwenye uhai wa 30 anapoteza 18 kwa zamu moja bila kujibu.

Septemba mwaka huo gharama ya Leeroy ikapandishwa hadi 5. Kijana akalia. Sisi tukacheka: moja tu! Akatuonyesha hesabu: 5, 3 na 3 ni 11, na zamu kwa kawaida haipiti 10. Kadi iliyobadilishwa ilirudishiwa thamani yake, zilizoitegemea, hapana.

Akaomba pesa. Tukakataa, lakini tukakaa naye akapanga fungu jipya kwa kadi alizobaki nazo. Lilishindwa mara nyingi, ila lilikuwa lake, halikuigwa. Wazazi wenzetu, kabla ya kucheka, tuwaombe watuonyeshe hesabu.