Tutembee Gerezani kwa Mafundi wa Kuchomelea

Ukifika Dar es Salaam usiishie sokoni Kariakoo. Tembea kidogo mpaka Gerezani. Siku hizi hata basi la mwendokasi lina kituo huko. Masikio yako yatakuambia kwamba umefika. Nyundo zinagonga, misumeno ya chuma inalia. Hapa hutengenezwa mageti, madirisha, majiko na vitu vingi vya chuma.

Kisha utaona mwanga mweupe unaowaka ghafla kama radi ndogo. Usiutazame. Geuza uso wako.

Mwanga huo ni wa umeme. Mashine ya fundi ina nyaya mbili nene. Waya mmoja una kibano kinachoshika chuma. Waya wa pili una mshikio wa kijiti cha kuchomelea. Mafundi hukiita rodi. Rodi ikigusa chuma kisha ikainuliwa kidogo, umeme huruka katika mwanya mdogo uliobaki, na chuma huyeyuka. Maji ya chai huchemka kwa nyuzi 100. Chuma hiki hutaka nyuzi kama 1500.

Ukishika kaa la moto, unalitupa mara moja. Moto wa kuchomelea hauko hivyo. Una mionzi isiyoonekana, nayo huunguza jicho kama jua kali linavyounguza ngozi. Unatazama mchana, unakwenda zako, unakula chakula cha jioni. Usiku macho yanauma kana kwamba yametiwa mchanga. Machozi yanatiririka. Taa huwezi kuitazama. Mtu anaweza kudhani amerogwa, kumbe alisimama karibu na fundi mchana. Watoto ndio hupenda sana kutazama.

Mtu huyo asifikiche macho. Asitie maziwa wala maji ya majani. Akae mahali penye giza, kisha aende zahanati. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili.

Watazame sasa mafundi wakiwa wamepumzika. Mmoja ana ngao ya uso yenye kioo cheusi cha namba 10. Ana glovu za ngozi, viatu vya kufunika miguu na nguo za pamba. Nailoni haifai, maana cheche huiyeyusha ikaganda mwilini. Mwingine ana miwani ya jua na ndala. Fundi wa namna hii hata vijijini yuko, maana umeme umefika na mashine zimeufuata. Miwani ya jua haimsaidii kitu.

Angalia na nyaya. Ukiona waya umechubuka, au ncha zake zimechomekwa ukutani kwa njiti za kiberiti, kaa mbali. Mahali hapo pakilowa maji, umeme unaweza kuua. Mvua ikianza, kazi isimame.

Moshi nao una mambo yake. Mabomba na mabati mengi yamepakwa zinki. Yakichomelewa hutoa moshi mweupe. Fundi akiuvuta, saa kadhaa baadaye hushikwa na homa na baridi, kama mwenye malaria. Akienda zahanati apimwe malaria, lakini pia amwambie mganga kwamba alikuwa akichomelea mabati. Kabla ya kazi, zinki ikwanguliwe pale panapochomelewa. Kazi ifanyike nje penye upepo, na fundi asiinamie moshi.

Jambo moja halingojei usiku. Ni pipa. Wengi hupeleka pipa kwa fundi likatwe, wapate chombo cha kunyweshea mifugo. Kama pipa lilikuwa na petroli, dizeli au rangi, mvuke wake hubaki ndani hata likionekana kavu kabisa. Cheche moja inatosha kulilipua. Mwambie fundi lilikuwa na nini kabla hajawasha mashine. Akikujibu kwamba halina neno, chukua pipa lako uondoke.